Mwizi Kaiba, Mwenye Nyumba Kafungwa

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana humu na hoja za ngeli, uhakiki wa tamthilia na mustakabali wa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Namwomba anivumilie leo nikimletea jambo ambalo baadhi ya wakubwa wetu hulibeza: akaunti ya mchezo wa simu iliyodukuliwa, ikarejeshwa kwa mwenyewe, kisha ikabaki imefungiwa kwa makosa ya aliyeiiba. Nililitaja jambo hili mbele ya mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana, naye akatabasamu na kusema, "Lakini huo ni mchezo tu, mwanangu." Makala haya yameandikwa kwa ajili ya hilo neno "tu".

Nianze na kisa chenyewe. Mwenzangu wa chumba hapa Machakos, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa na akaunti ya mchezo wa kandanda tangu alipomaliza kidato cha nne. Aliijenga kwa miaka mitatu. Kila alipopata shilingi mia mbili za ziada alinunua sarafu za mchezo kwa M-Pesa, na tulipokuja kuzijumlisha jumbe za malipo zilizosalia katika simu yake tulipata shilingi 3,400. Kwa mwanafunzi anayekula ugali na sukuma wiki siku nne kwa juma, hizo si fedha za kubezwa. Isitoshe, akaunti ile ilimwingizia kidogo. Mwishoni mwa juma, katika vibanda vya michezo vilivyo karibu na steji ya mjini, vijana huchangishana shilingi mia kwa kila mtu, wakapambana, na mshindi akaondoka na kitita. Mwenzangu hakuwa bingwa, ila alishinda mara za kutosha kulipia nakala za mihadhara yake.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya milima ya Iveti ikiwa imetufungia bwenini, kiungo kilitumwa katika kundi la WhatsApp la wachezaji. Kiliahidi sarafu elfu moja za bure kwa mia wa kwanza. Ukurasa uliofunguka ulifanana na ule wa kampuni kama shilingi kwa ya pili. Akaandika anwani yake ya barua pepe na nywila. Kwa bahati mbaya, nywila hiyo ndiyo iliyofungua pia barua pepe yenyewe. Kulipokucha, mwizi alikuwa amekwisha kubadilisha vyote viwili, naye mwenye mali akawa mgeni mlangoni pake.

Siku tano mwizi aliitumia akaunti ile atakavyo. Alichezea humo programu za udanganyifu zinazompa mchezaji nguvu asizostahili, na siku ya sita mitambo ya kampuni ikamnasa na kuifungia akaunti daima. Mwenzangu wakati huo alikuwa angali anahangaika kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Alipeleka risiti za manunuzi, tarehe ya kufungua akaunti, jina la kwanza alilowahi kulitumia humo na aina ya simu aliyoanzia. Ilichukua siku kumi na moja. Hatimaye kitengo cha kurejesha akaunti kilimwandikia kwamba kimeridhika kuwa akaunti ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, na sasa ni yake tena. Akaifungua kwa furaha. Akakuta tangazo jekundu: akaunti hii imefungiwa kwa kutumia programu zisizoruhusiwa.

Alikata rufaa saa sita za usiku. Jibu lilirudi kabla ya dakika mbili kwisha: suala lako limechunguzwa kwa makini na uamuzi ni wa mwisho. Akaandika tena. Jibu likawa lile lile, nukta kwa nukta na koma kwa koma. Mara ya tatu akashauriwa asiandike tena.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atulie kidogo, kwa maana kiini cha makala haya ki hapa. Kampuni ni moja. Kitengo chake kimoja kimekiri kwa maandishi kwamba katika siku zile tano akaunti haikuwa kwa mwenyewe. Kitengo kingine kinamwadhibu mwenyewe kwa jambo lililotendwa katika siku zizo hizo. Mkono wa kulia umemrudishia funguo, wa kushoto umeipiga nyumba lakiri. Ikiwa ushahidi wa kitengo cha kwanza ni wa kweli, hukumu ya pili haina miguu ya kusimamia. Ikiwa hukumu ya pili ni ya haki, basi kitengo cha kwanza kimemkabidhi akaunti mtu asiyestahili. Haiwezekani yote mawili yawe kweli, na hakuna mtu wa kumuuliza, kwa kuwa anayejibu si mtu.

Huku Ukambani, kesi ya ng'ombe ilipelekwa mbele ya nzama, baraza la wazee. Sidai kwamba wazee wale hawakukosea. Walikosea, tena pengine walipendelea. Lakini mshtakiwa alikaa mbele yao, akaona nyuso zao, akasema yake. Nashangaa kwamba katika karne hii ya maarifa tumeridhika na baraza lisilo na uso wala sikio.

Sitaki kuwa mpiga zumari wa upande mmoja. Kampuni hizi nazo zina adha zake. Wadanganyifu wanauharibu mchezo. Hakuna anayependa kupoteza mia yake kwa mtu anayeona kupitia kuta. Tena kila mdanganyifu akinaswa wimbo wake ni mmoja: "Nilidukuliwa." Lau kila anayeuimba angeaminiwa, adhabu isingekuwapo. Sisi wenyewe pia si malaika. Katika mabweni yetu akaunti huuzwa na kununuliwa kama viatu vya mitumba, huazimwa, hutumiwa na watu watatu kwa zamu. Anayeuza hubaki na risiti za awali, na akikosa nauli ya kurudi nyumbani huenda akadai kuwa "amedukuliwa" na kurejeshewa mali aliyokwisha kuiuza. Nimeyaona. Kwa hiyo mashaka ya kampuni yana asili yake, na mwanafunzi anayenunua akaunti ya mtu asije kulia baadaye mbele yangu.

Hata hivyo, mashaka ni sababu ya kuchunguza, si sababu ya kukataa kuchunguza. Na historia ya michezo hii inaonyesha wazi kwamba mitambo hukosea. Mwezi wa Julai mwaka wa 2010, kampuni ya Marekani iitwayo Valve iliwafungia wachezaji wapatao 12,000 wa mchezo wa Modern Warfare 2 katika muda wa majuma mawili. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Mabadiliko ya programu ya kampuni yenyewe ndiyo yaliyoufanya mtambo uone udanganyifu pasipokuwa na udanganyifu. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, aliwaomba radhi na kuwapa mchezo mwingine bure. Mwezi wa Oktoba 2023 kampuni hiyo hiyo ilikabiliwa na jambo kama hilo: programu mpya ya AMD ya kuharakisha mwitikio wa picha iligusa sehemu za ndani za mchezo wa Counter-Strike 2, na waliokuwa wameiwasha wakafungiwa kama wadanganyifu. AMD iliiondoa programu hiyo na Valve ikaahidi kuwafungulia waliofungiwa. Ninayataja haya kwa sifa pia. Mtambo ulikosea, watu wakatazama, wakakiri, wakarekebisha.

Wala si mitambo tu. Januari 2022 kampuni ya EA ilikiri kwamba akaunti zisizofika 50 za wachezaji mashuhuri wa FIFA zilikuwa zimetekwa. Wezi hawakuvunja kufuli lolote. Waliwasiliana na wahudumu wa wateja, wakawabembeleza na kuwatisha, hadi mhudumu akabadilisha anwani ya barua pepe kwa mkono wake mwenyewe na kuupita ulinzi wa hatua mbili. Baada ya hapo kampuni ilisema kwamba ombi lolote la kubadilisha anwani litahitaji idhini ya msimamizi. Kwa hiyo yule anayemwambia mwenzangu kwamba "mtu mwangalifu hadukuliwi" ajue kuwa wapo waliokuwa waangalifu, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Kuna njia nyingine ya wizi ambayo haizungumzwi sana, nayo imeenea kwetu. Laini ya simu isiyotumika kwa miezi kadhaa hurudishwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Mwanafunzi aliyefungua akaunti kwa laini aliyokuwa nayo sekondari, kisha akaitupa, amemwachia mtu asiyemjua ufunguo wa nyumba yake. Siku nambari ya uthibitisho itakapotumwa, itakwenda kwa mwenye laini mpya. Huyo wala si mwizi, ila akitaka kuwa mwizi hahitaji ujuzi wowote. Ndiyo maana nawasihi wanaosoma haya wafungue mipangilio ya akaunti zao leo na kuona ni laini ipi imeandikwa humo. Mimi nilipofungua yangu nilikuta nambari ya shangazi yangu aliyehamia Mombasa.

Tukirudi kwenye haki: je, mwanafunzi wa Machakos ana pa kushika? Wengi wetu hudhani hana, kwa kuwa kampuni iko ng'ambo na mkataba tuliobofya bila kuusoma unasema akaunti si mali yetu bali ni leseni ya kutumia. Hilo la leseni ni kweli. Hivyo ndivyo mikataba hiyo huandikwa. Lakini taarifa zinazomhusu mtu, yaani jina lake, manunuzi yake, mienendo yake ndani ya mchezo na alama ya "mdanganyifu" aliyobandikwa, ni suala jingine, na hapo sheria ya nchi yetu ina la kusema.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mtambo peke yake ikiwa uamuzi huo unamwathiri kwa kiasi kikubwa. Zipo hali zinazosameheka, mathalani uamuzi unapohitajika ili mkataba utekelezwe, na bila shaka mawakili wa kampuni watazikimbilia. Hata hivyo kifungu hicho kinataka mhusika aarifiwe kwa maandishi uamuzi wa namna hiyo unapofanywa, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya au ufanywe uamuzi mpya usiotegemea mtambo pekee. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kuziona taarifa zake na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe. Na sheria hiyo haiishii mpakani: kifungu cha 4 kinaigusa hata taasisi isiyo na makao Kenya, mradi inashughulikia data za watu walio nchini. Asiyeridhika anaweza kumlalamikia Kamishna wa Data, na kifungu cha 56 kinataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Mimi si mwanasheria, na ninajua umbali uliopo kati ya kifungu na utekelezaji. Lakini dhana kwamba kampuni za ng'ambo haziguswi na mahakama zetu imeanza kuyeyuka. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa jijini Nairobi ilishikilia kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa katika kesi zilizoletwa na wakaguzi wa maudhui wa Facebook, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo katika kesi nyingine iliyohusu machafuko ya Ethiopia. Kesi hizo zahusu mateso na vifo; haifai kuziweka mizani moja na kandanda ya simu. Nazitaja kwa sababu ya mlango zilioufungua.

Kuhusu mwizi mwenyewe, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka, kwa kosa la kuingia bila idhini, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwenzangu hakupiga ripoti polisi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema angechekwa. Yaani lile neno "tu" lilikuwa limemtangulia hadi kituoni.

Na kwa nini jambo hili lije katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Kwa sababu niliisoma rufaa yake ya kwanza. Ilikuwa ya Kiingereza, kwani ukurasa wa msaada uliorodhesha lugha nyingi za dunia na Kiswahili hakikuwamo, licha ya kwamba Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na rasmi, na UNESCO ilikitengea siku yake, tarehe 7 Julai, katika azimio la mwaka wa 2021. Kiingereza chake si kibaya, lakini hasira ilikuwa imekivuruga. Sentensi ya kwanza ilimtukana mpokeaji. Ya pili iliapa kwa jina la Mungu. Tarehe hazikuwamo kabisa, na ile barua ya kitengo cha kwanza iliyokiri kwamba alidukuliwa, ambayo ndiyo iliyokuwa silaha yake, hakuitaja hata kwa neno moja.

Barua ya malalamiko ni utungo tunaofundishwa tangu shule ya msingi. Tunajua muundo wake, tunajua lugha yake, tunapata alama kwa kuiandika. Ila huwa tunamwandikia meneja wa kampuni ya mabasi asiyekuwapo. Sijapata kuona zoezi linalomtaka mwanafunzi aandike rufaa kuhusu akaunti iliyofungiwa, akapange matukio kwa tarehe, atenganishe anachokijua na anachokishuku, na ataje kifungu cha sheria pasipo kupayuka. Wataalamu wetu wamefanya kazi kubwa ya istilahi. Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2004, ilituonyesha kwamba kompyuta inaweza kusema "hifadhi" na "hariri". Lakini istilahi zile zilikuwa za kumwamuru mtambo. Zile za kubishana nao bado tunazitafuta.

Chukua neno "dukua" lenyewe. Lina udugu wa karibu na "dukiza", yaani kusikiliza kwa siri mazungumzo ya wengine, na mdukizi wa zamani alikuwa mtu wa kuegemea dirisha. Ni neno zuri, lina picha. Linatufaa kwa anayepeleleza. Halitoshi kwa anayekuvaa jina na kutenda maovu kwa sura yako. Huyo amefanya zaidi ya kudukiza. Mwenzangu, alipokuwa akinisimulia kwa Kikamba kilichochanganyika na Kiswahili, hakusema "nilidukuliwa". Alisema, "Alinivaa." Nadhani alilipata neno kabla yetu sisi wenye kamusi.

Basi tuliketi tukaiandika barua upya. Tuliiandika kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu hufikiri vizuri katika lugha anayogombania. Aya ya kwanza ilitaja siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipotekwa. Ya pili ilinukuu kauli ya kitengo cha kurejesha akaunti, pamoja na nambari ya shauri. Ya tatu iliuliza swali moja tu: kitendo kilichoadhibiwa kilitendwa tarehe gani? Ya nne iliomba uamuzi ufikiriwe upya na binadamu, kwa mujibu wa kifungu cha 35. Matusi yote tuliyafuta, ingawa moja lilikuwa na vina na lilituuma kulitupa. Kisha tukaitafsiri kwa Kiingereza, tukazituma zote mbili pamoja na picha za skrini.

Ninalopendekeza kwa chama chetu si kubwa. Tuandae kiolezo cha barua hiyo kwa Kiswahili fasaha, chenye nafasi za kujaza tarehe na nambari za shauri, tukibandike ubaoni na kukigawa katika shule za sekondari tunazozitembelea. Hakitawafaa wachezaji peke yao. Mama anayeuza vitambaa kwa ukurasa wa Facebook hufungiwa vivyo hivyo, na dereva wa teksi ya mtandaoni vivyo hivyo, wala hao hakuna atakayewaambia kwamba ni mchezo tu. Hata huo mchezo, si wote wanaoucheza kwa kupitisha wakati: Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka wa 2018 kwa sababu ya Tekken. Mchezaji wa kiwango hicho akifungiwa kimakosa, amesimamishwa kazi.

Barua yetu haikujibiwa kwa dakika mbili safari hii. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Siku ya tisa jibu likaja. Halikusema kwamba akaunti imefunguliwa. Lilikuwa na jina la mtu chini yake, na swali: je, mnayo kumbukumbu yoyote ya mahali simu yenu ilipokuwa katika siku hizo tano? Mwenzangu alivuta kiti. Tulianza na orodha ya mahudhurio ya darasa la Jumatatu.